Nyimbo za Harusi Zatafuta Isnadi

Harusi nyingi za pwani yetu siku hizi, toka Vanga hadi Lamu, huimbiwa na mashine. Nikaha ikishafungwa msikitini na kina mama wakishakusanyika kwenye kupamba, huitwa kijana mwenye vipaza sauti viwili vitatu, akachomeka simu yake au flashi, na nyimbo zikaanza kutoka moja baada ya nyingine. Bibi harusi anasifiwa, mama mzazi anapewa hongera, mawifi wanarushiwa vijembe, na vigelegele vinapigwa. Lakini anayesifiwa na sauti ile si binti aliyeketi pale na hina zake mkononi. Ni mwingine, aliyeolewa miaka 30 iliyopita katika mji mwingine, au ni bibi harusi asiye na jina kabisa.

Wazee wakisikia hayo hunung'unika kuwa nyimbo zimeharibika. Vijana huwajibu kwamba dunia haisimami na kila zama zina mambo yake. Kila upande una haki yake, na kila upande umeacha nusu ya maneno. Nyimbo zetu hazikuwa hata siku moja kitu kilichosimama. Zilibadilika kila usiku zilipoimbwa. Lililo jipya ni kwamba zamani tulimjua aliyebadilisha na sababu iliyomfanya abadilishe, na leo hatumjui. Hilo ndilo nitakalo tulitazame kwa utulivu.

WIMBO ULIVYOKUWA UKISAFIRI

Tuanze na vugo, ngoma ya wanawake iliyopewa jina la ile pembe inayopigwa kwa kijiti. Katika vugo mmoja hutoa na wengine huitikia. Kiitikio kila mwanamke wa mtaa anakijua, maana amekisikia tangu akibebwa mgongoni. Maneno ya mtoaji ndiyo yasiyotabirika. Humo ndimo anamotiwa bibi harusi kwa jina lake, na jina la babake, na mtaa anakotoka, na mtaa anakopelekwa. Kama pana jamaa aliyekuja toka Pemba au Maskati, naye atatajwa. Kama pana jirani aliyefitini posa, atapigwa fumbo alielewe mwenyewe. Kiitikio ni kama nguzo za nyumba, na maneno ya mtoaji ni makuti: makuti hubadilishwa kila yanapochakaa, na nyumba ikaitwa ile ile.

Wimbo ulipotoka mji mmoja kwenda mwingine ulibadilishwa pia na lugha. Tuseme ubeti umetungwa Lamu na kina chake ni "to". Mshororo mmoja unamsifu mwanamwali kwa mato yake, na ule unaofuata unayafananisha na kito. Ubeti huo ukiletwa Mvita haudhuriki, maana Mmvita naye husema mato. Ukivuka hadi Unguja, mato huwa macho. Mizani haikupungua, kwani ma-to ni silabi mbili na ma-cho ni mbili. Lakini kina kimevunjika. Mwimbaji wa Unguja mwenye sikio zuri hawezi kukivumilia kina kilichovunjika. Basi kito hukiacha, akatafuta neno la kumalizikia "cho", labda kificho. Na hapo ubeti uliokuwa ukisifia kitu cha thamani unaanza kuzungumzia siri. Hakuna aliyekusudia kuharibu. Kila mmoja alitengeneza kilichovunjika mbele yake, kama fundi anayeziba jahazi kwa mbao aliyoikuta ufukweni.

Zilikuwapo vilevile nyimbo zilizotungwa kwa usiku mmoja. Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, na vilivyovuma sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno. Chama kimoja kikiona aibu ya chama cha pili, wimbo ulitungwa haraka ukatolewa siku ya ngoma, na wapinzani wakaenda kutafuta la kujibu. Margaret Strobel, mwanahistoria wa Kimarekani, aliandika habari za vyama hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Wimbo wa namna hiyo ukiuondoa katika usiku wake, ukamficha msikilizaji aliyetupiwa fumbo na kosa lake, unabaki na maneno matupu. Ni sawa na kusikia jibu bila ya kusikia swali.

CHUONI NA NGOMANI

Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa ubao na wino twajua maana ya neno lisilobadilika. Mwalimu alikuwa akikusimamisha kwa harakati moja tu, akakurudisha nyuma mpaka ulimi ukanyooka. Qur'ani Tukufu imepokewa hivyo, kinywa kwa kinywa, na msomaji wa kweli anaweza kukutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake. Msomo unaotumika sana leo ulimwenguni tunaujua kwa majina ya waliouhifadhi: Hafsi kutoka kwa Asim. Hata ilipofika zama za mashine, utaratibu huo haukuachwa. Mwaka 1961 Misri ilipotoa sahani za Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, kusudi lake lilikuwa kuulinda msomo sahihi, na msomo wenyewe ulitajwa kuwa ni wa Hafsi. Mashine iliwekwa kuwa mlinzi wa kitu ambacho tangu asili hakifai kuguswa.

Wimbo wa harusi hauna daraja hiyo, na hapana Mwislamu atakayeupa. Najua pia wapo masheikh wasiozipenda ngoma na ala, na kurasa hizi si baraza ya kuamua hitilafu hiyo. Ninalosema ni kuwa wimbo haukuamriwa usibadilike. Uhai wake ulikuwa katika kutiwa jina jipya kila harusi. Ilipokuja sahani ya santuri, wimbo ulipewa umbo moja lililofungwa, na watu wakaanza kuliita hilo umbo "lenyewe hasa", kana kwamba mengine yote yalikuwa makosa. Kwa njia hiyo wimbo ulipewa uthabiti wa msahafu, lakini haukupewa isnadi. Umepata nusu mbaya ya biashara.

DAKIKA TATU ZA BOMBAY

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba huko Unguja, alivuka bahari na wenziwe hadi Bombay, akarekodiwa na His Master's Voice, kampuni ile yenye alama ya mbwa mbele ya gramafoni. Taarabu ya Kiswahili ikaanza kusikika katika nyumba ambazo Siti mwenyewe hakuzikanyaga, Mombasa, Lamu na hata bara. Fahari hiyo hatuna budi kuikubali. Mwanamke aliyezaliwa maskini sauti yake ilipanda meli kabla ya wakubwa wengi wa zama zake.

Hata hivyo sahani ilikuwa na sharti lake. Sahani ya siku hizo, ya inchi 10 na mizunguko 78 kwa dakika, ilichukua kiasi cha dakika 3 kila upande. Aliyezoea kuimba usiku kucha, mshororo mmoja akaurudia mara nne kwa kuwa mtu amesimama kumtunza, sasa alipewa dakika 3 na akaonywa asizidishe. Kilichoanza kupunguzwa ni marudio. Kisha zikapunguzwa beti. Nafasi ya kumtaja mwenye harusi haikuwapo, kwa sababu katika chumba cha kurekodia hapakuwa na harusi. Na juu ya karatasi ya katikati ya sahani pakaandikwa jina la mwimbaji mmoja, kwa wimbo ambao pengine uliimbwa kwanza na mtaa mzima.

Utazame wimbo wa Kijiti, mashuhuri katika nyimbo za Siti. Ulitungwa kwa ajili ya mauaji ya mwanamke yaliyotokea Unguja, na ulikuwa ni kilio cha watu juu ya haki iliyopotea. Waliousikia kwanza walijua nani aliuawa, nani alitoroka na nani alionewa. Leo hii wapo wanaoupenda kwa utamu wa sauti wasijue kuwa ndani yake mna maiti. Sahani imehifadhi kila silabi, na kisa kimeponyoka.

Ziko nyimbo za Siti zilizopata bahati zaidi. Bi Kidude binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliuchukua wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe akauimba kwa sauti yake iliyokwaruza na kwa mpangilio wake, mpaka watu wa Ulaya wakadhani ni wake tangu mwanzo. Yeye hakuwa akificha. Alikuwa akimtaja Siti. Hapo utaona kuwa kuubadilisha wimbo na kumtaja uliyempokea vyaweza kukaa pamoja bila ya ugomvi. Bi Kidude aliyafanya yote mawili.

KUTOKA NDANI HADI HOTELINI

Kwetu Mvita sahani zilipata soko kubwa. Duka la Assanand and Sons lilitoa santuri kwa jina la Mzuri, na zilizotoka baina ya 1965 na 1975 zinasifiwa hadi leo. Baadhi yake zilikusanywa zikatolewa upya Ufaransa mwaka 2005. Katika siku hizo mapigo ya ngoma za harusi yaliingizwa katika taarabu. Zuhura Swaleh aliiimba taarabu yenye mwendo wa chakacha, ikisindikizwa na taishokoto, kile chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vidude vya kubonyeza kama taipureta. Lililokuwa likichezwa na wanawake kwa wanawake, milango ikiwa imefungwa, likawa linasikika redioni na dukani.

Kufika katikati ya miaka ya 1980, bendi za Mombasa kama Them Mushrooms na Safari Sound zilikuwa zimeitia chakacha katika magitaa. Ikapigwa mahotelini mbele ya watalii, na wasichana waliovaa leso kiunoni wakaicheza jukwaani. Mgeni akirudi kwao husema ameiona ngoma ya Waswahili. Kweli ameona miondoko. Hakuona kwamba chakacha ilikuwa ni somo la mwali, linalotolewa na mwanamke mzima kwa binti anayekwenda kuanza nyumba, na kwamba miondoko yake ilikuwa na pahali pake na stara yake.

Siwalaumu wapiga magitaa. Walikuwa watu wa kutafuta riziki, na bila wao pengine jina la chakacha lingejulikana na wachache. Lakini tukubali kuwa rekodi ina tabia ya kuhamisha baraza. Wimbo wa ndani ukishanaswa hauulizi tena nani anasikiliza. Mwanamke aliyeimba kwa mashoga zake mwaka fulani anaweza kusikiwa leo na wanaume wasiomjua, katika gari la abiria, na pengine alikwisha kuzikwa bila ya kutoa idhini hiyo. Kwa watu wanaoiheshimu stara, jambo hili si dogo.

KANDA NA SIMU

Kanda zilipoenea katika miaka ya 1970 na 1980, zilirudisha baadhi ya vilivyochukuliwa na sahani. Kanda ilikuwa ya dakika 60 au 90, kwa hivyo wimbo uliweza tena kunyoosha miguu. Kanda nyingi za taarabu ya Mombasa, zikiwamo za marehemu Juma Bhalo, zilinaswa katika harusi zenyewe. Ukisikiliza kwa makini utasikia vigelegele na mshindo wa watu wanaotunza, na mwimbaji akisubiri makofi yatulie. Harusi ilikuwa imo ndani ya kanda.

Ubaya wa kanda ulikuwa katika kunakiliwa. Mama wa Kibokoni alimpa shoga yake wa Majengo, huyo akampa binti yake aliyeolewa Malindi, na kila nakala ilikuwa na mvumo zaidi na maandishi machache zaidi. Mwisho wake ikabaki kanda iliyoandikwa "Harusi" basi. Harusi ya nani, mwaka gani, mtoaji ni nani, hapana ajuaye.

Simu imezidisha hayo. Inanasa kwa urahisi ambao kanda haikuwa nao, na sauti huwa safi. Lakini hukata. Kipande cha nusu dakika kinarushwa kwa watu mia, kiitikio bila ya mtoaji, au mtoaji bila ya kiitikio. Watoto wanaokua na vipande hivyo wanajifunza kuwa wimbo ni kitu cha kusikiliza, na kwamba kuna mtu mwingine, mahali pengine, ambaye kazi yake ni kuimba. Hapa ndipo penye hasara kubwa. Mabadiliko ya zamani yalifanywa na wanawake wenyewe wa mtaa, kwa hivyo kila harusi ilimfunza binti mmoja au wawili kuwa watoaji wa kesho. Mashine inapoimba, hapana anayefunzwa, na wimbo unaacha kubadilika kwa sababu umekwisha kufa.

WALIOANDIKA MAJINA

Mtu asidhani kwamba dawa ni kuzivunja mashine. Lau si watu walioandika na kunasa, tungekuwa maskini zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyosemwa Mvita katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalikuwa yakiishi vinywani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyafahamu, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka. Mwalimu Sikujua hakutoa beti tupu. Alieleza pia shairi lilisemwa kwa sababu gani na lilimlenga nani, na kwa maelezo hayo fumbo lililosemwa kwa Wamvita wa zama zile laweza kufumbuliwa na mwanafunzi wa leo.

Wanawake nao wamewahi kupewa haki hiyo. Katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel walinasa masimulizi ya Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wote wa Mombasa, yakatoka kitabuni kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Humo mwanamke anasema mwenyewe, kwa jina lake, ngoma alizocheza na aliyoyafunzwa.

Na tukitazama bara, uko mfano mzuri huko Kapkatet kwa Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa huko wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika kwenye vilima vile. Wasichana walimsikia, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamtungia wimbo wao. Hapo sahani ilizaa wimbo wa jadi badala ya kuua. Na kwa kuwa Tracey aliandika mahali na mwaka, zaidi ya miaka 60 baadaye maktaba inayohifadhi kazi yake huko Afrika Kusini iliweza kuurudisha wimbo kwa wenyewe. Kitu kisicho na anwani hakirudishiki.

Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Ni jambo jema. Lakini jamii inayotaka kudai wimbo wake itaulizwa: mnaujuaje kuwa ni wenu? Hapo kanda iliyoandikwa "Harusi" haitasaidia kitu.

LA KUFANYA

Dawa iko karibu na haina gharama. Yeyote atakayemnasa bibi yake au shangazi yake kwa simu, kwanza amwombe ruhusa, na ruhusa hiyo iwe ya kweli: amwambie nani watasikia. Akisema wimbo huu ni wa ndani, simu izimwe, na binti ajifunze kwa mdomo kama bibi alivyojifunza. Akikubali, basi kabla ya wimbo kuanza yasemwe mambo manne kwa sauti: jina la mwimbaji akiridhia litajwe, mji na mtaa wake, pahali pa wimbo katika harusi kama ni kesha la hina au ni kumtoa bibi harusi, na yule aliyemfunza. Hilo la nne ndilo kubwa. Likisemwa mara moja tu, wimbo umepata mnyororo wake, na atakayeubadilisha kesho atakuwa anabadilisha kitu anachokijua.

Na katika harusi zetu, vipaza sauti vipumzishwe hata kwa nusu saa. Pembe zitolewe, atafutwe mama mmoja anayekumbuka, wengine waitikie. Ataanza kwa kusitasita. Maneno mengine yatakuwa yamemponyoka, atayaziba kwa yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mtoaji tangu zamani. Binti aliyeketi pale na hina zake atalisikia jina lake likiimbwa.

Kina bibi wanaoweza kazi hiyo wamebaki wachache, na kila mwaka twawazika. Tuwaulize wakati wangali wanajibu.